Mwaka wa Kuusikiliza Moyo wa Mwanaidi

Mtani aliingia uani amevaa koti la marehemu, kofia ya marehemu, na filimbi ya marehemu ikining'inia shingoni. Alikuwa mama mnene wa Kinyamwezi, jirani wa marehemu kwa miaka mingi pale Mkonze, na kwa utani wa makabila yao hakuna aliyethubutu kumzuia. Alipuliza filimbi, akapinda magoti, akanyoosha mikono mbele kama mtu anayevizia mbuzi, kisha akawafokea wanawake tuliokuwa tumekaa kwenye mikeka: "Sikio kifuani! Sikio kifuani, binti! Unamwogopa nani?" Watu walicheka hadi machozi. Mjane mwenyewe alijifunika uso kwa kanga, mabega yakitikisika, na sikujua kama ni kilio au kicheko. Ilikuwa sauti ya marehemu, Mwalimu Yohana, kabisa, hata ile tabia yake ya kumalizia kila amri kwa swali. Mimi sikucheka. Niligeuza macho pembeni, na mikeka miwili kutoka nilipokuwa nikamwona mwanamke mwingine ambaye naye hakucheka. Alikuwa Mwanaidi. Sikuwa nimemwona tangu tulipokuwa wasichana. Alinitazama, akajua kuwa nimemjua, kisha akageuza uso akaendelea kutazama kule jeneza lilikolazwa. Nikajificha uso kwa kanga palepale, mama mzima mwenye wajukuu, katikati ya msiba wa watu.

Mimi ni mwoga, na nalisema mapema ili nisije nikaonekana shujaa mahali popote katika habari hii. Naogopa mbwa, naogopa radi, naogopa watu wanaofungua milango bila kupiga hodi. Nimekula mshahara wa mieleka kwa miaka mingi, nimewabwaga wanawake wenye vifua vya kupasulia kuni, na hakuna hata siku moja niliyopanda ulingoni magoti yasigongane. Watu hudhani mchezo ule ni wa watu wasioogopa. Mwalimu Yohana alidhani hivyo pia, ndiyo maana alikuwa akinitazama kwa huruma kidogo, kama fundi aliyeletewa mbao yenye ufa. Lakini kati ya hofu zote nilizobeba, iko moja tu ambayo ilikuwa ya mtu mwingine, na niliibeba mwaka fulani nilipokuwa msichana. Huo ndio mwaka ninaotaka kuueleza.

Tulifanyia mazoezi kwenye ghala la nyuma la kinu cha alizeti cha Mzee Gulamu, mjini, karibu na reli. Mwalimu Yohana alikuwa msimamizi wa ghala hilo. Mchana alipokea magunia na kufokea wapagazi; jioni, kinu kikinyamaza, aligeuka kuwa mwalimu. Mieleka alijifunza ujanani nje ya nchi, na alirudi nayo Dodoma ambako hakuna aliyeihitaji. Magodoro hatukuwa nayo. Alichukua maganda ya alizeti, akayashindilia kwenye magunia, akayapanga sakafuni na kuyafunika kwa turubai, na hapo ndipo tulipoangukia. Ukianguka vizuri, maganda yalilia chini yako na vumbi lenye harufu ya mafuta likapanda. Ukianguka vibaya, uliipata sakafu katikati ya magunia mawili. Kulikuwa na vijana wengi wa kiume na wasichana wawili tu, mimi Peta na Mwanaidi. Sote wawili tulikuwa tukipepeta na kuchambua alizeti mchana pale pale kinuni. Kwa sababu tulikuwa wawili, na kwa sababu Mama Nasrini, mke wa Mzee Gulamu, alimwapisha Mwalimu kuwa hakuna mvulana atakayemkumbatia msichana kwenye ghala lake, basi Mwanaidi alikuwa wangu na mimi nilikuwa wake. Hakuna mwingine aliyewahi kumshika.

Kitu alichotufundisha mwaka ule, jioni baada ya jioni hadi nikawa nakiota, kilikuwa kumkamata mtu mguu mmoja kutoka kwenye kukumbatiana. Mnaanza mmeshikana, mkono wako mmoja nyuma ya shingo yake, mwingine umepita chini ya kwapa lake. Unamvuta kichwa kwako. Apende asipende, atapiga hatua mbele ili asianguke, na huo mguu aliouleta ndio unaoutaka. Unashuka kwa magoti, si kwa kiuno, unaudaka nyuma ya goti kwa mikono miwili, unainuka nao ukiwa umeubana mapajani mwako, na yeye anabaki anaruka kwa mguu uliosalia. Hapo unazunguka, unamlemea kwa bega, anakwenda chini. Yote hayo ni rahisi kuandika. Lililokuwa gumu ni kichwa. Kichwa chako lazima kigandamane na mwili wake, sikio likiwa juu ya mbavu, tangu unaposhuka hadi anapoanguka. Ukikiacha kitoke hata kidogo, mkono wake unazunguka shingo yako na anakukaba, na mimi nilikuwa nimeshakabwa hivyo, nikaona giza, nikajua giza lile likoje. Kwa hiyo Mwalimu alipopiga kelele zake za sikio kifuani, hakuna aliyemtii kuliko mimi. Nilijibandika kwa Mwanaidi kama kupe. Naye alikuwa mtu wa kutanguliza mguu wa kushoto, kwa hiyo sikio langu lilikuwa likitua chini ya ziwa lake la kushoto, kila jioni.

Tulikuwa tumepanga chumba kimoja Miyuji. Kilikuwa na kitanda kimoja, dirisha la wavu uliotoboka, na ukuta ambao haukupigwa lipu upande mmoja, kiasi kwamba ukiuegemea unabaki na vumbi jekundu mgongoni. Jiko la mkaa lilikaa nje ya mlango. Mwanaidi alikuwa Msandawe kutoka Chemba, na ndugu zake walipokuja mjini walimletea unga wa uwele, mlenda mkavu uliosagwa, na asali kwenye chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi. Waliongea naye lugha yao ile ya kugonga ulimi, nami nikakaa pembeni nikisonga ugali, nikipenda kusikiliza bila kuelewa chochote. Yeye alikuwa mkali na mcheshi. Mimi Mgogo aliniita "mama mlenda" ingawa mlenda wenyewe alikuwa akila yeye zaidi. Jumamosi tulikwenda mnadani Msalato, wakati huo njia nzima ni vichaka na vumbi la ng'ombe, tukanunua maini ya kuchoma tukala tumesimama, mafuta yakitiririka hadi kwenye viwiko. Nilimpenda. Sikuwahi kumwambia, kwa sababu hatukuwa watu wa kuambiana mambo hayo, lakini nilimpenda kuliko nilivyowahi kumpenda rafiki yeyote baada yake.

Nakumbuka jioni niliposikia. Ilikuwa Julai, ule upepo wa baridi ukipenya chini ya mlango wa ghala. Nilishuka, nikaudaka mguu, nikabandika sikio, na badala ya kuzunguka nikaganda. Moyo wake ulikuwa ukipiga vibaya. Ulipiga, ukakaa, ukapiga haraka haraka mara kadhaa kama mtu anayekimbilia basi, ukakaa tena. Na katikati ya mapigo kulikuwa na mchirizo, sauti ya maji yanayolazimishwa kupita mahali padogo. Nilidhani ni moyo wangu mwenyewe, maana wangu nao hautabiriki nikiwa na hofu. Kisha Mwanaidi akanikaba shingo, kwa kuwa nilikuwa nimezubaa, tukaanguka wote. Alicheka sana. Alicheka akiwa amekaa, mkono mmoja sakafuni, na kicheko kikakatika katikati kwa sababu pumzi iliisha.

"Legeza hicho kibwebwe, binti," Mwalimu alimwambia. "Utapumulia wapi?"

Hilo ndilo lililotupoteza sote. Mwanaidi alikuwa akijifunga kanga kifuani chini ya fulana, akiikaza hadi fundo lituachie alama mikononi, kwa ajili ya heshima kwa sababu wavulana walikuwa wakitazama. Ghala zima liliijua kanga ile. Akihema, ilikuwa kanga. Akikaa chini kabla ya wenzake, kanga. Midomo ikibadilika rangi, watu walimwambia ajifungue kidogo, naye aligeukia ukutani, akalegeza fundo, akarudi anatabasamu. Mimi pia niliikubali kanga kwa furaha kubwa. Nilijiambia kwamba kitambaa kimebana mbavu, mbavu zimebana moyo, na moyo uliobanwa utapiga vipi? Kwa wiki kadhaa nililala usingizi mzuri kwa ajili ya kitambaa.

Halafu ikaja asubuhi ya Jumapili ambayo hatukuwa na kazi. Kanga zake zote zilikuwa kwenye kamba zinakauka. Alitaka tufanye mazoezi ya mguu mmoja pale pale uani, polepole, bila kuangushana, na alikuwa amevaa gauni tu la kulalia lililopwaya. Nilimvuta, akaleta mguu, nikashuka, sikio likatua. Moyo ulikuwa vile vile. Ulikuwa mbaya zaidi, kwa sababu sasa hakukuwa na kitambaa katikati na niliusikia kila mahali ulipojikwaa. Nilibaki pale nimemshika mguu, majirani wakipita na ndoo, nami nimeogopa kiasi kwamba sikuweza kuuachia.

"Peta, niachie. Unanichosha."

"Mwanaidi, moyo wako."

Hakuuliza umefanya nini. Aliutoa mguu wake taratibu, akaingia ndani, akakaa kitandani kwenye ile mito yake mitatu aliyokuwa akiilalia akiwa karibu amekaa, akisema siku zote kuwa ni kwa sababu ya vumbi la Dodoma. Nilisimama mlangoni. Aliniambia kwamba alijua. Akiwa shule ya msingi aliugua magoti na koo muda mrefu, baadaye akaanza kuzimia, na hospitali ya kule kwao walimpima wakamwambia mama yake kwamba mtoto huyu asibebe maji, asilime, asikimbie. Alipofika mjini aliamua kwamba mtu huyo aliyeambiwa hayo amebaki Chemba.

"Wakijua, nitarudishwa nyumbani nikakae kwenye kigoda nichambue mboga," alisema. "Mimi sichambui mboga, Peta. Bora nianguke nikiwa nimesimama."

"Ukifa je?"

"Huu moyo ni wangu. Si wako. Wewe wako unakutosha kwa kuogopa."

Nilikwenda kuwasha jiko. Tukapika ugali, tukala. Yeye alikula vizuri, mimi nilikuwa nikitazama mshipa wa shingo yake ukirukaruka wakati anameza.

Yangekuwa hayo tu, nadhani ningekwenda kwa Mwalimu mapema. Lakini siku chache baadaye nilikuwa nyuma ya lundo la magunia, nikikusanya alizeti iliyomwagika, Mwalimu Yohana na Mzee Gulamu wakaingia wakiongea. Mwalimu alikuwa na habari. Kulikuwa na timu Dar es Salaam iliyotaka msichana mmoja wa uzito wetu. Atapewa ajira, chumba na mshahara, na watu wawili watakuja wenyewe Dodoma kuangalia.

"Utampeleka nani?" Mzee Gulamu aliuliza.

"Nitawapambanisha. Lakini ni Mwanaidi. Yule ana moyo."

"Na huyu mwingine?"

"Peta anajua mchezo kuliko yeye. Ila mwoga, mzee wangu. Mwoga utampeleka wapi?"

Nilibaki nimechuchumaa nyuma ya magunia, konzi la alizeti mkononi. Niliumia kusikia nikiitwa hivyo, lakini maumivu hayo yalipita haraka, kwa maana niliona mtego ulipo. Nikisema sasa kwamba Mwanaidi ni mgonjwa, nani ataniamini? Nafasi moja, wasichana wawili, na yule anayeelekea kushindwa anakuja kunong'ona kuhusu mwenzake. Ningesema hivyo hivyo mimi mwenyewe kama ningekuwa Mwalimu. Na nikinyamaza, ataondoka, atakwenda kukumbatiwa na watu wasiomjua, wanawake wenye nguvu watakaomwinua mguu na kumbwaga bila kusikia chochote. Nilitaka Mungu achukue masikio yangu. Nilisali hivyo kweli, kanisani, nimepiga magoti, nikiona aibu kwa sala ile.

Mwalimu alitutangazia siku ya kupambana mbele ya wageni, na siku zilizobaki nilizipitisha vibaya. Nilikuwa naamka kabla yake nikimtazama anavyopumua, nikimwona kifua kinapanda nami napumua. Nikichelewa kusikia sauti yake kinuni nilikuwa nikidondosha ungo. Kwenye mazoezi nilianza kumkamata mguu wa kulia ili sikio lisifike upande ule, na kwa kuwa mguu wa kulia ulikuwa nyuma, kila mara nilianguka mimi. Mwalimu alitikisa kichwa. Mwanaidi alielewa ninachofanya, akanikasirikia. "Usinionee huruma mbele za watu," aliniambia njiani tukirudi. "Siku ile nipige kama adui yako. Niahidi." Sikumwahidi, na kwa mara ya kwanza tulilala tumepeana migongo.

Siku ya pambano ghala lilifagiwa. Wageni walikuwa wawili, mwanaume mfupi mwenye kitabu cha kuandikia alama na mwanamke mrefu wa makamo, wote wamevaa treki suti. Mama Nasrini alileta chai ya maziwa kwenye birika kubwa na bajia zilizofunikwa kwa kitambaa, akakaa nyuma kwenye kiti cha plastiki, mtandio kichwani, anatazama kwa wasiwasi kama vile ni harusi ya binti yake. Wavulana walijipanga ukutani. Mwanaidi alikuwa amejifunga kibwebwe. Nilikuwa nimeamua nitaanguka mapema. Huo ndio ulikuwa mpango wangu wote: niangushwe haraka, mchezo uishe, asihangaike. Ya Dar es Salaam nitayafikiria baadaye.

Filimbi ilipolia tulishikana, na mara ya kwanza nikafanya kama nilivyopanga. Alinidaka, nikaenda chini, watu wakashangilia. Tukasimama tena. Tuliposhikana mara ya pili, paji la uso wake lilikuwa kwenye bega langu na lilikuwa limelowa jasho la baridi, na mkono wake nyuma ya shingo yangu haukuwa na nguvu ya kunivuta. Alikuwa ameniegemea. Wale wote waliokuwa wakitazama waliona wasichana wawili wanapimana nguvu. Nilimvuta kidogo, nikitaka tu kumweka sawa, mguu wa kushoto ukaja mbele, na mwili wangu ukafanya ulichofundishwa bila kuniuliza. Nilishuka. Nikaudaka. Nikainuka nao, sikio likiwa mahali pake.

Moyo ulikimbia, ukakimbia sana, kisha ukaacha. Nilisubiri pigo lingine. Halikuja. Ghala zima lilikuwa linapiga kelele, "Mwangushe! Mwangushe, Peta!" na mimi nilikuwa ndani ya kimya kile peke yangu, nimekumbatia paja la rafiki yangu, nikijua kwamba nikizunguka sasa ataanguka na mimi nitakuwa juu yake. Sijawahi kuogopa vile tena, si wakati wa kujifungua, si wakati mume wangu alipolazwa. Nikaushusha mguu wake chini. Nikamzungushia mikono kiunoni, nikapinda magoti, nikakaa naye kwenye turubai taratibu, kichwa chake shingoni kwangu. Ndipo pigo likaja, zito, halafu mengine yakalifuata yakikanyagana.

Kelele ziligeuka kuwa vicheko. Yule mgeni wa kiume alisimama. "Kwa nini umemwachia? Ulikuwa umeshamaliza!"

Mwanaidi alifumbua macho. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu, na bado alitafuta tabasamu akalivaa. "Ameogopa," alisema. "Ndivyo alivyo. Tuendelee."

"Simama, Peta," Mwalimu alisema. "Unaogopa nini?"

Alikuwa akiuliza swali lile kila siku na hakuwahi kungoja jibu. Siku hiyo nilimjibu. Nilisema kwa sauti ambayo sikujua ninayo, mbele ya wageni na wavulana wote, kwamba moyo wa Mwanaidi unasimama, kwamba nimekuwa nikiusikia tangu Julai, kwamba si kanga, na asiyeamini aje aweke sikio lake. Wavulana walitazamana. Niliona usoni mwa Mwalimu kile nilichokitegemea: hakuniamini. Alimtazama Mwanaidi, akanitazama mimi, akamtazama mgeni mwenye kitabu. Na hata kama angetaka kuhakikisha, angefanyaje? Mwanaume mtu mzima hawezi kulaza kichwa kwenye kifua cha binti wa watu. Alibaki amesimama, mikono inaning'inia.

"Muongo," Mwanaidi alisema. Kisha akanipiga kofi. Alinipiga tukiwa bado tumekaa, mikono yangu bado imemzunguka, na sikumwachia.

Aliyekuja ni Mama Nasrini. Aliweka kikombe chake chini, akavuka turubai na viatu vyake, jambo lililokatazwa kabisa, akapiga magoti kwa shida na kumwambia Mwanaidi kitu sikioni. Akalifungua lile fundo la kanga kwa vidole vyake, mtandio wake ukiwafunika wote wawili, akainamisha kichwa. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipoinua uso ulikuwa umebadilika. "Yohana," alisema, "waambie walete gari. Sasa hivi."

Hospitali walimpa kitanda cha pembeni, chini ya dirisha. Sikuingia siku ya kwanza. Nilifika hadi mlango wa wodi, nikamwona mama yake ameshafika kutoka Chemba amekaa sakafuni, nikarudi. Siku ya pili niliingia. Mama yake hakujua Kiswahili kingi. Alinishika mkono akaupaka machozi yake, na mimi nililia naye. Mwanaidi aligeuza uso ukutani. Madaktari walikuwa wamesema vali ya moyo imeharibika, kwamba ataishi kwa sindano na vidonge hadi apatikane wa kumfanyia upasuaji, na kwamba kuzimia kwingine kama kule kungemwua pale pale.

"Umeipata nafasi yako," aliuambia ukuta. "Nenda."

Nilikwenda. Nimewahi kuulizwa kama sikuona aibu. Wageni walinichukua, Mwalimu alinipakia mwenyewe kwenye basi na hakunitazama machoni, na wavulana wa ghala walinipa jina ambalo sitaliandika. Nilikuwa na njaa ya maisha kama msichana mwingine yeyote, na nafasi ile haingemponya Mwanaidi kwa kukaa bila mtu. Ningesema tena, na ningekwenda tena. Lakini nilimwandikia akanyamaza, nikatuma salamu zikarudi bila jibu, na kwa miaka yote hiyo habari zake nilizipata kwa watu: kwamba alipelekwa nje akapasuliwa, kwamba amepona, kwamba ameolewa Kondoa. Kila simu iliyotoka Dodoma asubuhi mno niliipokea nikiwa nimekaa.

Pale msibani, baada ya maziko, walipoanza kugawa chakula, nilimwona anainuka na sahani yake. Alitembea polepole, akisimama kila baada ya hatua kadhaa kana kwamba anasalimia watu, lakini nilijua anatafuta pumzi. Akaketi kwenye mkeka wangu.

"Peta."

"Abee."

"Umenenepa."

"Nimestaafu."

Alikula wali kidogo, akaiweka sahani chini. "Usidhani nimekuja kukushukuru," alisema. "Ile nafasi ilikuwa yangu. Nimekukasirikia tangu siku ile. Nikimeza vidonge asubuhi nakukasirikia. Nimezaa binti, daktari amenikataza, nikiwa na uchungu nikakukasirikia wewe badala ya baba yake. Juzi nimemwoza, nikakukasirikia ukumbini huku napiga vigelegele. Hata leo kwenye basi, njia nzima kutoka Kondoa."

Nilimsogezea kikombe cha maji. Nilikuwa namtazama midomo, nione kama inabadilika rangi.

"Mwezi ujao wananifungua tena," alisema, kwa sauti ya chini, akiangalia watoto waliokuwa wakikusanya vyombo. "Wanasema vali waliyoiweka imechoka. Nimeogopa, Peta. Sikujua kuogopa kukoje. Wewe uliwezaje siku zote?"

Nilimshika mkono. Ulikuwa wa baridi, na safari hii hakuuondoa. Hofu yote ya mwaka ule ilinirudia nzima, kama haikuwahi kuondoka Dodoma.

"Bado umenikasirikia?" nilimuuliza.

"Kwani nimesema nimeacha?"

"Basi usiache," nilimwambia. "Nakusihi, Mwanaidi. Nikasirikie mwezi ujao, nikasirikie na mwakani. Nikasirikie mpaka tuwe vikongwe."